Huyu Vyombo Ni Nani?

Baba yangu alipiga besi kwa miaka 19 na hakuwahi kuwa na besi. Nyumbani kwetu Temeke hapakuwa na gitaa la aina yoyote. Akitaka kujikumbusha wimbo alivuta kigoda hadi kwenye meza ya chakula, akapanga vidole vya mkono wa kushoto kwenye ukingo wa meza kama ndio shingo ya gitaa, wa kulia ukachezacheza juu ya goti, na mdomoni akawa anatoa sauti ya nyuzi: du, du-dum, du. Meza ile ina sehemu moja iliyolainika, upande wa dirishani, rangi imekwisha kabisa na mbao iko wazi. Mama hajaruhusu ipakwe upya mpaka leo.

Nikiwa darasa la tano nilikwenda kwa rafiki yangu Keko nikamkuta kaka yake ana gitaa, amelilaza kitandani na kulifunika shuka kama mtoto mchanga. Nilirudi mbio kumweleza baba kwamba kuna mtu anakaa na gitaa ndani. Baba hakushtuka. Aliuliza neno moja tu: "La kwake?"

Nilikuja kulilipia ada swali hilo.

Kabla ya kwenda masomoni nilikuwa afisa mikopo katika taasisi moja ndogo ya fedha hapa Dar. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Muuza mitumba akija unajua pa kuanzia: belo unaliona, kibanda unakiona. Mama lishe unamfuata hadi jikoni unamhesabia masufuria. Akija msanii, fomu inakwenda vizuri mpaka mstari wa dhamana, inakwama hapo. Una nini, kaka? Nina nyimbo. Ziko wapi? Ziko kwa prodyuza. Una hati yoyote? Ananitazama. Niliwarudisha kwa upole, wengine wakiwa na majina ambayo dereva wa bodaboda nje ya ofisi angeyatambua kabla ya jina la mbunge wake. Nilirudisha wengi mno, ikafika mahali nikaona bora nijifunze nini hasa kinakosekana kwenye fomu ile.

Mwaka 2017 nikaenda London kusoma shahada ya uzamili ya ujasiriamali na usimamizi katika tasnia za ubunifu na utamaduni. Jina lilikuwa refu kiasi kwamba mama, akiulizwa mwanao anasomea nini, alijibu "biashara" akaishia hapo. Shangazi yangu ndiye aliyekwenda moja kwa moja: "Yaani kote kule umefuata ngoma?"

Wiki za kwanza zilikuwa za fasili. Tulisomeshwa kwamba mwaka 1998 serikali ya Uingereza ilikaa ikaorodhesha shughuli 13 ikaziita tasnia za ubunifu: matangazo ya biashara, usanifu majengo, mitindo ya mavazi, filamu, muziki, uchapishaji, programu za kompyuta, redio na televisheni na nyinginezo. Nia ilikuwa kuonyesha kwamba sanaa ni uchumi, inaajiri na inauza nje, isiwe kitu cha kuombewa ruzuku tu. Mimi niliipitia orodha nikimtafuta mshereheshaji wa harusi. Hayumo. Mpambaji ukumbi hayumo. Mpiga picha wa jeneza na wa keki, hayumo kwa jina hilo. Na kwa jiji langu, ukitaka kuona fedha ya ubunifu inavyozunguka, usiende kwenye tamasha, nenda kwenye kikao cha kamati ya harusi. Mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, bajeti imechapwa, kadi za michango zina tarehe ya mwisho, na kuna mama mmoja kazi yake ni kuwapigia simu wadaiwa kila jioni mpaka waone aibu. Walipotufundisha kuchangisha fedha za miradi ya sanaa kupitia mtandao, kama jambo jipya lililogunduliwa juzi, nilikaa kimya. Ningesema nini?

Somo la pili lilikuwa na kazi ya nyumbani: kila mmoja alete bajeti halisi ya onyesho moja la kwao, aitafsiri, aieleze. Wenzangu walileta michezo ya kuigiza, maonyesho ya picha, shoo ya mavazi. Mimi nilikuwa na daftari la baba. Alifariki 2011, na mama alinipa madaftari yake manne kwa sababu, alisema, mimi ndiye niliyependa hesabu. Baba alikuwa katibu wa bendi kwa sifa moja tu, mwandiko. Madaftari ni yale ya shule, yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ukurasa niliouchagua ni wa Jumamosi moja ya 1991, na nauweka hapa kama ulivyo:

Mlango 31,400
Vyombo 12,000
Gari 3,500
Taa 1,000
Nyuzi 600
Vijana 14,300

Chini yake, kwa kalamu nyekundu, 14,300 imegawanywa kwa 11. Kila mmoja 1,300.

Kwa asiyejua dansi lilivyoendeshwa: bendi ilichukua mlango, yaani fedha ya viingilio, na mwenye baa akachukua bia. Ndiyo maana mwenye baa hakujali kiingilio kikiwa kidogo, na ndiyo maana nyimbo zilikuwa ndefu, watu wacheze, watoke jasho, waagize. Bendi ilikuwa chambo cha bia.

Niliyatafsiri maneno yote isipokuwa moja. "Vyombo" nililiacha. Ni magitaa, ni spika, ni vikuza sauti, ni drams na nyaya zake, na ukienda jikoni ni sahani na bakuli, na ukienda baharini ni majahazi. Nikaliandika kwa herufi kubwa kama baba alivyoliandika, nikatuma.

Mhadhiri wetu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuendesha ukumbi wa maigizo, mkali kwenye tarakimu. Aliuweka ukurasa wangu ukutani kwa projekta, akausoma mpaka chini, akavua miwani.

"Inaeleweka," alisema. "Ila huyu Bwana Vyombo ni nani? Anapata zaidi ya mara tisa ya mwenzake yeyote. Ndiye mwimbaji?"

Nilicheka peke yangu, maana hakuna mwingine aliyejua cha kuchekea. Halafu nikatazama ukuta, na kicheko kikaniishia. Alikuwa amekosea Kiswahili na amepatia hesabu. Nimekua nikilisikia neno lile kila wiki, "vyombo vimeshatolewa?", "vyombo vimechukua zake?", na hata siku moja halikunijia kwamba ni mtu, ana jina, ana nyumba Upanga, na alikuwa anakula kwa vijiko tisa.

Mwanamuziki yeyote wa dansi wa umri wa baba ukimtajia "mwenye vyombo" atajua unazungumzia nini. Huyu si lazima ajue muziki. Ni mtu au shirika lililonunua mitambo, na kwa kuinunua likawa limenunua na haki ya kuamua nani apande jukwaani, nani ashushwe, bendi iitwe nini. Zamani, kabla ya uhuru na muda mfupi baadaye, bendi nyingi zilikuwa vilabu hasa: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Zilikuwa na mwenyekiti na katibu, na vyombo vilikuwa vya chama. Kisha likaja zama la mashirika. Jumuiya ya wafanyakazi, NUTA, ilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, bendi ambayo imebadilishwa jina kila mara mwenye vyombo alipobadilika jina, ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka ikatua kwenye jina la mtindo wake, Msondo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la bima lilikuwa na Bima Lee. Vijana wa chama tawala walikuwa na Vijana Jazz. Mlimani Park ilianza 1978 na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa, na mshahara wake wa mwezi ulimfikia mvua inyeshe isinyeshe.

Kuna wanaoukumbuka wakati ule kana kwamba ulikuwa pepo. Baba hakuwa mmoja wao, lakini hakuudharau pia. Rafiki zake waliokuwa kwenye bendi za mashirika walikuwa na uhakika wa chakula na alikuwa anawaonea wivu tarehe 20 kwenda mbele. Yeye bendi yake ilikuwa ya tajiri binafsi, na matajiri binafsi ndio walioingia kwa nguvu miaka ya 80. Kinachokumbukwa sana ni 1985, mfanyabiashara Hugo Kisima alipowachomoa wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim na Hassan Bitchuka wakiwemo, akaunda International Orchestra Safari Sound. Mji mzima ulizungumza. Nairobi walikuwa wameshayaona ya namna hiyo, Simba Wanyika ilipopasuka mwaka 1978 ikatoka Les Wanyika. Mwanamuziki anaweza kuhama na sauti yake, na vidole vyake, hata na nusu ya mashabiki. Vyombo havihami. Na mtindo haufuati kirahisi: ukiondoka Mlimani Park unauacha mtindo wao, Sikinde, pale pale ulipo, huko uendako itabidi mbuni jina jipya na mchezo mpya. Darasani walipofika kwenye somo la chapa ya biashara na thamani yake, wenzangu walinakili kwa bidii. Mimi niliandika pembeni neno moja, "mtindo", nikafunga daftari.

Naomba nimtendee haki tajiri wa baba, maana wasomaji wa blogu hii wana haraka ya kumtafuta mwizi. Hakuwa mwizi. Alinunua vikuza sauti wakati fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kuleta spika kutoka Mombasa ilikuwa safari ya kujuana na watu. Kikuza sauti kikiungua, anaungua yeye. Mvua ikinyesha Jumamosi na watu wasije, gari lake bado linataka mafuta. Yule mama mhadhiri aliniambia: kama ni hivyo, usilalamike, piga hesabu. Kwa hiyo nikarudi kwenye madaftari nikajumlisha mstari wa Vyombo wa mwaka mzima, usiku baada ya usiku. Nikampigia ba'mdogo, mpiga tarumbeta wa bendi ile ile, nikamuuliza vyombo vile vilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Akanitajia papo hapo, kwa sababu tajiri mwenyewe alikuwa hachoki kuitaja bei hiyo kila bendi ilipodai nyongeza. Nikagawanya. Hata nilipoongeza matengenezo na spika zilizopasuka, fedha ya mwenye vyombo ilikuwa imerudi kabla ya mwaka wa tatu kwisha.

Bendi ilidumu miaka tisa. Kwa hiyo vijana 11 walivinunua vyombo vile kila Jumamosi, wakavinunua mara tatu, na hawakuvipata.

Nilikaa na karatasi ile kwenye chumba changu cha kukodi mpaka usiku. Kwa macho ya afisa mikopo lile lilikuwa deni zuri kuliko yote niliyowahi kuona: wakopaji 11, wanalipa kila wiki bila kukosa, na mwisho wa mkopo hakuna kinachohamia kwao. Ningelikuwa mimi nimewapa mkopo ule mwaka 1985, ningepandishwa cheo. Lakini wangepitaje kwenye mstari wa dhamana?

Waliwahi kujaribu wenyewe. Ba'mdogo alinisimulia kwamba 1993 watano kati yao walianza mchezo wa kuweka fedha, wanunue japo gitaa moja na kikuza sauti kimoja cha kuanzia. Fedha ilikaa kwa mpiga tumba kwa miezi saba. Kisha mtoto wake akalazwa, na zikaenda hospitali. Hakuna aliyemlaumu. Baba alichanga tena kidogo ili mtoto atoke.

Masomo mengine yalipita bila kuniacha na kitu. Mkakati wa masoko, uongozi wa vikundi, namna ya kuandika andiko la mradi ili mfadhili alipende: yana kazi yake, ila ukishakuwa mweka hazina wa kamati ya harusi moja unayo mengi kati ya hayo. Kilichonishika ni hoja ya wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliyoitoa mwaka 1966. Walisema hivi, nikiifupisha kwa lugha yangu. Kiwanda kikipata mashine mpya, watu kumi wanatoa kazi ya watu ishirini, na mishahara inapanda. Muziki wa watu wanne ulioandikwa miaka 200 iliyopita bado unataka watu wanne na dakika zile zile. Huwezi kuupiga haraka zaidi ili uokoe muda. Lakini wanamuziki wanne nao wanakula, wanapanga nyumba, na mishahara yao lazima ifuate ya kiwandani. Kwa hiyo onyesho la jukwaani linazidi kuwa ghali mwaka hadi mwaka bila kosa la mtu. Nilipoisoma nilicheka maktaba mpaka nikanyamazishwa. Urafiki walikuwa navyo vyote viwili, mashine za kufuma na bendi, kwa mwajiri mmoja!

Na huku kwetu nilishaona hoja ile inavyomaliziwa. Bendi za dansi zilikuwa na watu wengi: magitaa matatu au manne, tumba, drams, safu ya tarumbeta na saksafoni, waimbaji wanne mbele. Kikaja kinanda cha umeme. Kidole kimoja cha mpiga kinanda kikatoa sauti ya tarumbeta tatu, si nzuri sana, lakini mnywaji wa saa saba usiku hakagui. Ba'mdogo aliambiwa apumzike. Alipumzika wiki mbili. Ya tatu akawatafuta wenzake waliopumzishwa kwenye bendi nyingine, wakakodi pikapu, wakaanza kupiga matarumbeta kwenye misafara ya harusi, kutoka kanisani mpaka ukumbini, wamesimama nyuma ya gari, jua la saa nane likiwawakia kwenye vipaza. Harusi mbili kwa siku, Jumamosi tatu. Tarumbeta ilikuwa yake mwenyewe, ameirithi kwa padri wa misheni aliyemfundisha. Ndiye pekee katika bendi nzima aliyemiliki chombo chake, na ndiye pekee aliyejenga. Kibamba, vyumba vitatu na sebule. Nilitaka kumwandika kwenye tasnifu yangu kama mfano wa ujasiriamali, akanizuia. "Andika nilifukuzwa," alisema, "hayo mengine utayaeleza wewe."

Tasnifu yenyewe ilihusu jambo ambalo baba hakulijua kabisa, kwamba wimbo ni vitu viwili. Kuna utunzi, maneno na sauti zake, na kuna rekodi, kile kilichonaswa siku ile. Kila kimoja kina haki zake na mwenyewe wake, na mara nyingi wenyewe si mmoja. Mtoto akiimba wimbo wa baba shuleni amegusa utunzi. Redio ikicheza mkanda wa zamani imegusa vyote. Prodyuza anaposema "masta ni yangu" anazungumzia cha pili, na msanii anayejibu "lakini wimbo nimetunga mimi" anazungumzia cha kwanza, nao wanaweza kugombana mwaka mzima na wote wawili wako sahihi.

Baba alitunga nyimbo nane, moja ikavuma. Walirekodi studio ya redio, bendi nzima kwa pamoja, anayekosea anarudisha wote mwanzo. Siku moja nikiwa kule London niliutafuta YouTube nikaukuta. Mtu asiyejulikana, picha yake ni ua, ameupandisha pamoja na mamia ya nyimbo nyingine za zamani, na katikati ya wimbo, pale besi inapobaki peke yake na tumba, pale hasa ambapo baba alikuwa anafumba macho mezani, linaingia tangazo la sabuni. Chini kulikuwa na maoni ya watu kutoka Muscat, Toronto, Bujumbura. Mmoja ameandika, huyu mpiga besi popote alipo Mungu amlaze pema. Hakujua jina lake. Jina lililoandikwa ni la bendi.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda utunzi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake nyimbo nane za baba zina wenyewe mpaka 2061, na wenyewe ni mama na sisi watoto. Nilipomweleza mama aliniuliza sasa nani anajua kwamba ni zake. Swali la afisa mikopo kabisa. Kule COSOTA, ofisi ya hakimiliki iliyozaliwa na sheria hiyo, unasajili kazi kwa ushahidi, na ushahidi wangu ulikuwa madaftari manne, ba'mdogo mmoja, na mwimbaji mstaafu wa Mbagala ambaye akiwa na afya njema anakumbuka mpaka shati alilovaa siku ya kurekodi. Niliwachukua wote wawili kwa teksi, tukaanza mchakato. Ni safari nyingine hiyo, nitaiandika siku yake.

Siku hizi nina ofisi Kinondoni, kama meza mbili kwenye iliyokuwa saluni ni ofisi. Kioo kikubwa hatujakitoa. Wanakuja vijana, wengi wa singeli, muziki ambao bendi yake yote inakaa ndani ya kompyuta moja ya mapajani. Nilidhani mwenye vyombo amekufa. Muziki unatengenezwa chumbani, simu kila mtu anayo, nani tena wa kukata 12,000 mlangoni?

Kijana wa kwanza aliniletea mkataba wa kurasa 11, kwa Kiingereza, ameshausaini. Alitaka nimwambie tu kama ni mzuri. Tuliusoma pamoja tangu saa nne mpaka adhuhuri, mimi nikigeuza Kiswahili mstari kwa mstari, yeye akijitazama kwenye kioo cha saluni. Masta zote ni za meneja, moja kwa moja, bila mwisho. Jina la kisanii ni la meneja. Gharama za video zinatangulia kukatwa, kisha ndipo wagawane, na gharama anaziandika meneja. Tulipofika kwenye jina akainua kichwa.

"Yaani nikiondoka siitwi hivi?"

"Huitwi."

"Lakini hilo jina kanipa bibi yangu."

Tangu siku hiyo, anayekuja simuulizi ana wafuasi wangapi. Namuuliza paswedi ya chaneli ya YouTube iko kwa nani. Wengi wanacheka, wanasema "iko kwa bro". Na bro si lazima awe mbaya. Huenda ndiye aliyetoa fedha ya studio wakati hakuna mwingine aliyetoa hata nauli. Tajiri wa baba naye alitoa. Kuna walioweza kununua njia ya kutokea: mwaka 2019 Harmonize alipoachana na lebo ya WCB Wasafi, alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500, na kwamba aliuza mali zake ili azipate. Watu walibishana mitandaoni nani mbaya, nani hana shukrani. Mimi nilifungua daftari la baba kwenye ule ukurasa. Angalau yule alikuwa na cha kuuza.

Ninachokifanya na vijana ni kidogo. Tunaandika kwamba masta zirudi kwa msanii baada ya miaka fulani, au fedha ya bro ikisharudi mara mbili. Tunaandika jina ni la nani. Tunaweka kila mtunzi wa wimbo kwenye karatasi moja, na mafungu yake, siku ile ile ya kurekodi kabla watu hawajatoka studio, maana wimbo ukishavuma kumbukumbu zinabadilika. Nusu ya mabro wanakataa. Wengine, na hili lilinishangaza, wanakubali bila ubishi. Hawakuwa wamekaa kulifikiria, mkataba wenyewe waliutoa kwa mtu, naye aliutoa kwa mtu.

Mwaka jana niliandaa onyesho dogo la vijana wangu wanne, mara ya kwanza wapige na wapigaji halisi, si kompyuta. Nilihitaji spika, mikseri, drams. Nikaelekezwa kwenye bohari moja Chang'ombe inayokodisha mitambo ya harusi na mikutano. Kijana aliyenipokea alikuwa mcheshi, ananiita dada kila baada ya maneno matatu, na tulipofika kwenye risiti nikaliona jina la ukoo juu. Ni mtoto wa tajiri wa baba. Mzee alishafariki, wao wamegeuza biashara: bendi zina kelele, alisema, kukodisha hakuna kelele.

Nilimwambia mimi ni mtoto wa nani. Alinikumbatia. Alimkumbuka baba, alikumbuka hata alivyokuwa anafumba macho. Akanipeleka nyuma, nyuma kabisa, penye viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka darini, akavuta turubai. Besi ilikuwa imening'inizwa kwa kamba ya katani. Nyuzi mbili hazipo. Nyuma ya shingo yake varnishi imetoka mpaka mbao iko wazi, na urefu wa sehemu ile ungeweza kuuweka juu ya meza yetu ya Temeke ukalingana.

Nikamuuliza bei.

Alijikuna kichwa, aibu ya kweli ikamshika. "Ile ya mzee, dada, haiuzwi," alisema. "Ila kama ni kukodi, unakodi."